Kitabu kilichonifanya nikate kanga za mama

Sisi washonaji tunaazimana vitambaa, na vitabu pia. Shoga yangu alinipa The Last Runaway ya Tracy Chevalier, riwaya ya binti Mwingereza anayehamia Ohio, Marekani, mwaka 1850. Huyo dada anashona mablanketi ya viraka kwa ustadi wa kutia wivu!

Mimi nikampa hadithi fupi ya Alice Walker, "Everyday Use", ya 1973. Binti msomi anayataka mablanketi yenye vipande vya magauni ya bibi yake, ayatundike ukutani. Mama anampa mdogo mtu, atakayejifunika mpaka yachakae.

Kanga za marehemu mama zilikuwa sandukuni miaka mitatu. Nimezikata. Dada yangu bado amenuna, ila binti yangu anajifunika kila usiku.