Nani Asome Faili la Mama Aliyekufa?

Februari 2025, jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Gates Foundation kwa mafanikio ya kupunguza vifo vya akina mama na watoto. Takwimu iliyosimama nyuma ya tuzo hiyo ni ya utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022: vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015/16 ulitaja 556. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa hesabu zao wenyewe, yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Tangu hapo sisi tulioko ughaibuni tumegawanyika: wapo wanaoitetea 104 kama bendera ya taifa, na wapo wanaoicheka. Naona kambi zote mbili zimeshika ncha isiyo na makali. Nchi inayofuatilia vifo vya wazazi ipimwe kwa jambo jingine kabisa: mama akifa, nani anasoma faili lake, anamwogopa nani anapolisoma, na aliyoyaona yanamfikia nani.

Tuanze na hiyo 104, maana wengi wanaoibishania hawajui ilivyopatikana. Tanzania haina usajili wa vifo unaomfikia kila mtu, kwa hiyo watafiti huingia kwenye kaya zilizochaguliwa na kumuuliza mwanamke habari za ndugu zake wa tumbo moja: wangapi wako hai, dada gani alifariki, na je, alikuwa mjamzito au alikuwa ametoka kujifungua? Majibu hukusanywa kwa kipindi cha miaka kadhaa iliyotangulia. Ni njia halali, na kwa nchi isiyo na vyeti vya kutosha ni afadhali kuliko kukisia. Lakini vifo vinavyonaswa na sampuli huwa vichache, hivyo namba inaweza kupanda au kushuka sana bila hali kubadilika kiasi hicho. Tena dada hawezi kusema kama ndugu yake alikufa kwa kutokwa na damu, kwa kifafa cha mimba au kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Utafiti wa kaya unaonyesha uelekeo tu. Mkunga wa Geita au Kigoma hapati humo jambo la kubadilisha kesho asubuhi.

Uingereza nayo ina namba zake, lakini ukichunguza utakuta nguvu yake iko kwingine. Tangu 1952, England na Wales zimeendesha uchunguzi wa siri wa kila kifo cha mzazi. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwa nchi nzima chini ya mpango uitwao MBRRACE-UK, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford. Kumbukumbu za vifo vya wanawake hulinganishwa na kumbukumbu za uzazi, ili hata aliyefariki miezi kadhaa baada ya kujifungua, mbali na wodi ya wazazi, asipotee. Kisha faili hufutwa majina, la mgonjwa, la daktari na la hospitali, likasomwa na wakunga, madaktari wa uzazi, wa usingizi na wa akili ambao hawakuhusika na matibabu yale. Ndiyo maana Waingereza wanajua kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kati ya wiki ya sita na mwaka mmoja baada ya kujifungua, jambo ambalo hesabu inayokoma siku ya 42 isingeligusa. Ndiyo maana pia ripoti zao ziliweza kusema wazi kwamba wanawake weusi hufa kwa kiwango cha mara kadhaa ya wenzao weupe. Mwaka 2018 tofauti ilitajwa kuwa mara tano, na kutokana nayo ikazaliwa kampeni ya Five X More. Walipoona damu iliyoganda mishipani inaua mno, mwongozo wa kuizuia ulitolewa mwaka 2004, na katika kipindi cha 2006 hadi 2008 vifo vya aina hiyo vilipungua sana. Tena mfumo huo haufichi aibu. Kiwango kilipopanda kutoka 8.79 kwa kila uzazi 100,000 mwaka 2017–19 hadi 13.41 mwaka 2020–22, kilichapishwa hivyo hivyo.

Nyumbani utaratibu upo pia, na kwenye karatasi ni mzuri. Mwongozo wa wizara unataka kifo cha mzazi kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku saba. Tatizo ni kwamba meza inayojadili imekaliwa na waliomtibu marehemu na wakubwa wao wa kazi, na taarifa inapanda ngazi ile ile inayoshuka na barua za kusimamishwa kazi. Nani ataandika kwamba damu ilichelewa saa tatu, ikiwa mkuu wa mkoa au waziri anaweza kufika kesho na kamera na kumfukuza muuguzi wa zamu? Kinachoandikwa ni "mgonjwa alichelewa kuja". Huenda ni kweli, huenda siyo, ila ndiyo sentensi isiyomgharimu mtu.

Litajibiwa kwamba Uingereza ina fedha na vifo vichache. Kusoma mafaili ya wanawake 270 hivi katika miaka mitatu si sawa na kusoma ya maelfu. Hoja hii ina uzito, ila haifiki mbali. Uingereza ya 1952 ilikuwa imetoka vitani, nyama bado ikitolewa kwa mgao. Na hatuna haja ya kuvuka bahari. Afrika Kusini ilianza uchunguzi wake wa kitaifa mwishoni mwa miaka ya 1990, katikati ya janga la UKIMWI. Kenya, katika ripoti yake ya kwanza, iliyohusu vifo vya mwaka 2014, ilichambua vifo 484 tu kati ya vilivyoripotiwa, na bado ikapata jibu zito: katika vifo tisa kati ya kila kumi huduma ilikuwa na kasoro, na kutokwa na damu kuliongoza. Sampuli inatosha kujua mlango gani umevunjika. Zaidi ya hayo, utafiti wa 2022 unasema asilimia 81 ya wanawake wa Tanzania sasa wanajifungulia vituoni, kwa hiyo mafaili ya wengi yapo. Watakaokosekana ni waliokufa na mimba changa au baada ya kurudi nyumbani, na hao utafiti wa kaya uendelee kuwatafuta.

Pingamizi gumu zaidi ni la haki. Siri ya uchunguzi wa namna hii haitakuwa kichaka cha wazembe? Uingereza yenyewe inatoa ushahidi usiopendeza: madhara kwa akina mama na watoto katika hospitali za Shrewsbury na Telford yalifichuliwa na familia zilizokataa kunyamaza, hadi ripoti ya uchunguzi ya mkunga Donna Ockenden ya 2022. Faili lisilo na jina la hospitali haliwezi kukuambia hospitali ipi imeoza. Hilo ni pengo la kweli, na jibu lake ni kuwa na njia mbili zisizochanganywa: mabaraza ya taaluma na mahakama kwa anayestahili kuwajibika, na uchunguzi wa siri kwa ajili ya kujifunza. Ukiziunganisha, kama tunavyofanya, ya kwanza humwangukia muuguzi wa chini na ya pili hujaa sentensi za kujilinda.

Wala tusidhani ughaibuni kote mambo ni sawa. Marekani iliongeza kisanduku cha ujauzito kwenye cheti cha kifo mwaka 2003, majimbo yakakipokea kwa kuchelewa chelewa, na kwa zaidi ya miaka kumi haikutoa kiwango rasmi cha taifa. Texas ilidhani imepoteza wazazi 147 mwaka 2012. Uhakiki ukawashusha hadi 56. Mwaka 2024 jimbo la Georgia liliwaondoa wajumbe wote wa kamati yake ya uchunguzi baada ya taarifa za siri kuvuja kwa waandishi.

Kwa hiyo kamati ya uchunguzi wa siri ya Tanzania, ikianzishwa, iwekwe chuoni au kwenye vyama vya wakunga na madaktari wa uzazi, nje ya ofisi ya mganga mkuu wa mkoa, na sheria iyazuie mafaili yake kutumika kama ushahidi wa nidhamu. Ianze na jambo moja, kwa mfano vifo baada ya upasuaji wa kujifungua, kwa kuwa akina mama hao karibu wote walikufa mikononi mwa watu waliosomea kazi. Halafu serikali ikubali mapema, kwa maandishi, kwamba ripoti itatoka hata kama itaonyesha vifo vingi kuliko hesabu ya 104 inavyotufanya tutarajie.