Mtapo: Kutoka Milima ya Shimba hadi Uani

Atokaye Likoni akafika Kombani, kisha akakata kuelekea Kwale, huhisi upepo umebadilika kabla macho hayajaona lolote. Barabara hupanda, joto hulegea, na msitu husogea karibu. Wageni wengi huja Milima ya Shimba kumtazama palahala, mnyama ambaye nchini Kenya hana makao mengine. Wachache huuliza habari za mtapo.

Mtapo hudhaniwa kuwa jamaa wa mnazi, nao si jamaa yake hata kidogo. Ni mti wa kale mno, usiotoa ua. Shina lake ni nene, majani yake marefu yana miiba, na katikati huchomoza kitu mfano wa gunzi kubwa la mahindi. Kuna mtapo dume na mtapo jike, na wanaopeleka chavua baina yao ni wadudu wadogo wa jamii ya fukusi. Wataalamu huuita Encephalartos hildebrandtii. Neno la kwanza ni la Kiyunani, maana yake mkate ndani ya kichwa, kwa sababu ya wanga uliomo shinani. Wazee wa pwani waliujua wanga huo nyakati za njaa. Waliukata, wakaukausha na kuuroweka siku nyingi ili sumu itoke. Leo tuna unga dukani, alhamdulillahi, asijaribu mtu.

Sumu hiyo ndiyo jambo la kwanza kwa mama mwenye watoto. Mbegu zina nyama ya rangi ya machungwa inayovutia macho ya mtoto, na mbuzi naye hachagui. Basi mtapo upandwe pembeni, mbali na mahali pa kuchezea, na gunzi la jike likatwe kabla halijapasuka. Mtoto akitafuna mbegu, apelekwe hospitali mara moja, zisingojwe dalili.

Kwa mengine, ni mti mvumilivu. Hutaka udongo usiotuamisha maji, uliochanganywa mchanga, na kivuli chepesi. Mizizi yake hushirikiana na viumbe wadogo wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hauhitaji mbolea nyingi. Anayeotesha mbegu avae glavu, aondoe nyama, azihifadhi kivulini miezi kadhaa mpaka kiini kikomae, kisha azilaze juu ya mchanga zikiwa zimefukiwa nusu.

Lakini mche utoke wapi? Yupo atakayekuletea mlangoni mtapo mzima, shina limeshapevuka, kwa bei ya kuvutia. Shina la namna hiyo limechukua miaka mingi kukua. Kwa hakika halikuoteshwa koponi. Limeng'olewa msituni, pengine katika kaya za Wamijikenda, ambazo kadhaa ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Jamii yote ya mitapo hii imo katika daraja la juu kabisa la ulinzi la mkataba wa CITES. Mimi naona kununua mti huo ni kushiriki katika kung'oa. Nunua mche mdogo kwa mwenye kitalu anayeweza kukuonyesha mti uliotoa mbegu. Miaka ya mwanzo utaona jani moja, labda mawili.