Chuma cha Maluku, Vitenge vya Kisangani

Katika kumbukumbu za wazee wa Kisangani, miaka ya 1970 ndiyo enzi ambayo Serikali ilijitangaza kuwa mlezi wa viwanda, kwani wakati SOTEXKI, kiwanda cha nguo cha mji huo, kilipokuwa kikisokota pamba na kupiga chapa vitenge, Zaire (Kongo ya leo) ilikuwa ikijenga kiwanda cha chuma huko Maluku, karibu na Kinshasa, ili umeme wa bwawa la Inga upate mteja. Maluku kilikusudiwa kutoa tani 250,000 kwa mwaka, lakini kwa kuwa kilitegemea chuma chakavu kutoka ng'ambo, hakikuwahi kuvuka sehemu ya kumi ya kiwango hicho, na deni lake likaiangukia hazina ya taifa. Huo ndio ulikuwa msaada wa Serikali kwa viwanda kwa desturi ya wakati ule: mitambo ilinunuliwa kwa mkopo, na mfanyakazi akadhaniwa kuwa atanufaika baadaye.

Tarehe 7 Agosti 1989 ulianzishwa Mfuko wa Kukuza Viwanda, maarufu kama FPI, unaokusanya tozo kwa bidhaa ziingizwazo na zitengenezwazo nchini, kisha kuzikopesha kampuni. Wazo lilikuwa jema, ila mfuko huo hulenga hasa kampuni. Hauna fungu la mtu aliyesimamishwa kazi. Ndipo uporaji wa wanajeshi wa 1991 na 1993 ulipotikisa viwanda nchini kote, na kuanzia 1998 vita vikaifunga njia ya mto Kongo kati ya Kisangani na Kinshasa, soko kuu likapotea, huku mapigano ya Juni 2000 mjini Kisangani kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda yakiua mamia ya raia.

Neno lililotawala mazungumzo ya wafanyakazi baada ya hapo ni likizo ya kiufundi, yaani hali ambayo mkataba husimamishwa bila kuvunjwa, hivi kwamba mtu hubaki kwenye orodha ya kiwanda pasipo mshahara wa kutosha na pasipo malipo ya kuachishwa. Wengi mjini waliingia kwenye toleka, baiskeli ya abiria yenye mto mnene juu ya keria, ambayo katika miaka ya vita ndiyo iliyokuwa teksi ya Kisangani, na ambayo (hili lisisahaulike) haikuwa na fungu lake katika FPI.

Ulaya ilikuwa imelitambua mapema pengo hilo la kumsahau mfanyakazi: mkataba wa Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, uliotiwa saini Paris tarehe 18 Aprili 1951, ambao Ubelgiji iliuafiki ilhali bado inaitawala Kongo, uliruhusu posho ya kungojea kazi na mafunzo mapya kwa waliopunguzwa. Kifungu cha namna hiyo hakikufika Kisangani, na hadi FPI itakapotengewa fungu la wafanyakazi, kuiita mfuko wa viwanda ni kutaja nusu tu ya kiwanda.