Nilipima Dirisha Moja, Nikakatia Tisa

Wacha nianze na aibu yangu, ndiyo mniamini kwa mengine.

Wengi wenu mnanijua kwa video za majengo. Napitia saiti za Kitui na Makueni, nawaonyesha ukuta ukipanda. Mnajua pia niliacha chuo mwaka wa pili, 2022, ule ukame ulipomaliza ng'ombe wa nyumbani na karo ikakosekana. Nilichowaficha ni kwamba mwaka jana nilijifanya kontrakta.

Kazi yenyewe ilikuwa wodi ya akina mama waliojifungua, katika kituo kidogo cha afya huko Makueni, si mbali na Wote. Upande wa magharibi kuna madirisha tisa ya tao, yale ya kuviringa juu kama ya kanisa. Yanapendeza, lakini ikifika saa kumi jioni jua linaingia moja kwa moja mpaka kitandani. Niliona mama mmoja amefunika mtoto na leso, kila baada ya dakika chache anasogea kufuata kivuli. Nikasema hii naweza.

Hapa kuna kitu watu wengi hukosea. Sisi Ukambani tuko chini kidogo tu ya ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu juu ya kichwa. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kusini. Kwa madirisha ya pande hizo mbili, paa likitokeza vizuri linatosha. Lakini mashariki na magharibi jua huja likiwa chini, linakuangalia usoni, mwaka mzima. Paa litokeze utakavyo, saa kumi na moja jua litapita chini yake tu. Na pazia la ndani? Litazuia mwanga, lakini joto lishapita kioo, liko ndani na wewe. Kivuli cha maana kinakaa nje.

Kwa hivyo tukakubaliana: fremu za chuma za kuviringa, zenye vipande vyembamba vilivyoinama kama mapezi, moja kwa kila dirisha, ikae ndani ya tao upande wa nje. Kituo kikanipa nusu ya pesa. Nusu nyingine Mwaitu akanikopea kwa chama chake.

Nikaenda na tepi. Dirisha la kwanza: upana mita 1.20, urefu mpaka kileleni mita 1.80. Mchoro wa jengo nao ulisema hivyo hivyo. Yale manane mengine nikayapima kwa macho. Si yanafanana? Nikatuma vipimo kwa mafundi wa jua kali Kamukunji, na kazi yao ilikuwa safi kabisa. Walitengeneza nilichoomba, mara tisa.

Tulipofika na mzigo, nne ziliingia. Tano zikakataa.

Fundi aliyejenga, mzee mtulivu, alinieleza bila hata kunicheka. Tao hujengwa juu ya fomu ya mbao, na hapo fomu ilikuwa moja tu. Kwa dirisha la kwanza ilikuwa mpya. Kufika la sita imekunywa maji ya simiti, imepinda, imegongwagongwa na nyundo. Halafu kuna plasta: hapa sentimita moja, pale mbili na nusu, ndiyo ukuta ukae sawa. "Kijana," akaniambia, "mchoro haujui kama mbao ililala nje."

Na si hayo tu. Zile nne zilizoingia nilizipiga picha asubuhi, zikatoka poa sana. Jioni nesi akanipigia simu: jua bado linaingia dirisha la tatu. Kumbe fremu moja tuliifunga kinyume, upande wa ndani ukatazama nje. Mapezi yaliyofaa kuinamia chini kulipa jua kisogo, yakawa yanalifungulia mlango. Ilitosha vizuri na haikusaidia chochote. Asubuhi hakuna mtu angeona.

Nikarudi Kitui na kichwa chini. Mwaitu hushona yunifomu za shule pale soko la Kalundu. Nilingoja nigombezwe juu ya pesa za chama. Akauliza tu, "Ulipima madirisha mangapi?"

"Moja."

Akaweka makasi chini. "Sasa mwanangu, mimi nikienda shule nipime mtoto mmoja wa darasa la nne, halafu nishonee darasa lote, nitalipwa na nani?"

Tukarudi na kadibodi za maboksi. Kila tao tukalichora lenyewe, tukakata, tukajaribisha kadibodi mahali pake. Upana tukaupima mara tatu: chini, katikati, na pale tao linapoanza kuviringa. Tukapima na kona kwa kona, kuona kama dirisha limekaa upande. Tukaacha nafasi kidogo pembeni ili fremu isigombane na plasta. Namba ikaandikwa kwa kadibodi na kwa ukuta, pamoja na neno NJE kwa herufi kubwa. Halafu fundi wa kuchomelea hapo Kitui akatengeneza fremu moja tu. Tukaifunga, tukakaa chini ya mwembe tukingoja saa kumi. Jua lilipokataa kuingia, ndipo tukaagiza nne zilizobaki.

Msimamo wangu ni huu. Kenya hatukosi mihuri. KEBS wana viwango vya chuma, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inasajili makontrakta. Ni vizuri. Lakini hakuna muhuri unaojua kwamba tao la sita limepinda. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesimama pale na tepi. Na majengo yetu ya umma tunayapokea saa nne asubuhi, hema, soda, utepe, picha. Wodi inayotazama magharibi ipokewe saa kumi jioni, na mgonjwa awe ndani. Kama wewe ndiye unayelipa, kaa na malipo ya mwisho mpaka hiyo saa ifike. Kituo kilinifanyia hivyo, na ingawa niliumia, walikuwa na haki.

Niliacha shule, sikatai. Lakini hili somo nimelilipia karo yote.

Deni la chama limebaki elfu kumi na nane. Zile kadibodi tano ziko juu ya kabati la Mwaitu. Hataki nizitupe.