Nyumba Bila Ardhi: Barua kwa Mpwa Wangu wa Likoni

Changamwe, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Mimi mjombako ni mzima, isipokuwa goti, na hilo tumeshazoeana. Mamako ameniambia umekataa kutengeneza tovuti ya biashara yako ya mapishi. Wasema Instagram yakutosha, wafuasi unao, na tovuti ni mambo ya mahoteli ya Diani. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, maana kwenye simu hunipi nafasi nikamaliza.

Wewe ni mtoto wa Likoni, kwa hiyo nyumba bila ardhi sikuelezi. Mtu anajenga kwa jasho lake, anaezeka, anaozesha watoto mle ndani, na huku kodi ya kiwanja anampelekea mwenye ardhi. Siku mwenye ardhi akiuza au akibadili nia, mwenye nyumba amebaki na kuta. Unalijua shamba la Waitiki, ekari 930, watu walivyoishi humo miaka na miaka wakihofia kuvunjiwa, hadi serikali ilipolinunua na hati zikaanza kutolewa Januari 2016.

Basi ukurasa wako wa Instagram ni nyumba ya namna hiyo. Picha ni zako, biriani ni lako, wateja umewatafuta mwenyewe, lakini kiwanja ni cha kampuni ya Marekani, na mkataba wenu ni yale maandishi marefu uliyoyakubali bila kuyasoma. Wakiamua picha zako zionwe na wachache mpaka ulipie tangazo, huna pa kushtaki. Mwizi akikuibia nywila, unaanza upya na wafuasi sifuri.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja. Kwetu ilikuwa magharibi inaingia, na hazikurudi mpaka usiku wa manane umepita. Saa sita saba si msiba, nakubali. Lakini ndizo saa ambazo watu huagiza chakula na kupanga shughuli za wikendi, na mteja mpya aliyesikia sifa zako siku ile hakuwa na pengine pa kuona hata namba yako ya simu.

Utaniambia zipo tovuti za bure. Zile za Google zilikuwepo. Mwaka 2011 Google, pamoja na mashirika ya hapa Kenya, walianza mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti bila malipo, na baadaye yeyote mwenye biashara kwenye ramani yao aliweza kujitengenezea ukurasa wa bure. Machi 2024 kurasa hizo zikazimwa. Kwa miezi michache anwani zake zilimpeleka mteja kwenye ramani, kisha basi. Aliyekuwa ameiandika anwani hiyo kwenye kadi, risiti na ubavuni mwa tuktuk, ilimbidi apake rangi upya. Ramani yao itumie, inafaa sana, ila usijenge juu yake peke yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza si tovuti, ni jina. Jina la biashara yako linaloishia na .co.ke. Majina hayo husimamiwa na KeNIC, nawe unalinunua kwa wakala wao kwa kama shilingi elfu moja hivi kwa mwaka. Hapo ndipo nataka ufungue macho. Vijana wanaotengeneza tovuti wengi ni waungwana, lakini wengi wao pia husajili jina la mteja kwa barua pepe yao wenyewe, kwa haraka tu, wala si kwa ubaya. Kijana akihamia Nairobi au mkikosana kuhusu malipo, umeshapoteza jina. Msajili mwenyewe uwe wewe, barua pepe iwe yako, nywila uwe nayo wewe, na tarehe ya kulipia mwakani uitie kwenye simu, kwa sababu jina lisipolipiwa huachwa na mwingine akalichukua. Jina likiwa lako, huyo fundi unaweza kumbadilisha, hata kampuni inayoihifadhi tovuti ukaihama, na mteja asijue kumetokea nini.

Sasa tovuti yenyewe iwe na nini? Bei! Nimeuangalia ukurasa wako, kila anayeuliza pilau ni kiasi gani unamjibu “njoo inboksi”. Mtu wa Kizingo hatapanda feri kuja kuuliza bei ya sinia, na hiyo inboksi yako ni feri nyingine. Anapanga arusi ya dadake, ana majina manne ya wapishi, atachukua yule aliyemwonyesha hesabu. Andika pilau na biriani kwa kilo ya mchele ni shilingi ngapi, kilo moja hulisha watu wangapi, arbuni ni kiasi gani na inarudishwa lini, unavuka mpaka wapi na kuvuka kunaongeza nini. Andika na vyakula vya khitma na futari za Ramadhani, usiweke arusi tu. Unaogopa washindani wataiona bei? Bei yako wameshaijua, wanamtuma mtu aulize.

Halafu kuna wale walioko Maskati, Dubai na London wanaolipia shughuli za mama zao huku Likoni na Kisauni. Hao ndio wateja wazuri, nao ndio wenye hofu zaidi, maana kila mmoja ana hadithi ya jamaa aliyetuma arbuni kwa tapeli akazimiwa simu. Tovuti peke yake haimthibitishi mtu. Hata tapeli hujenga tovuti. Kinachomtuliza mteja ni kuona jina lililo kwenye tovuti ndilo linalotokea anapolipa kwa Till ya M-Pesa, ndilo lililo kwenye cheti chako cha usajili, na ndilo lililo kwenye barua pepe unayomwandikia. Waya wa intaneti wa TEAMS uliopanda pwani yetu mwaka 2009 unatoka Fujairah. Yaani njia ya Ghuba kuja Mombasa ishalazwa chini ya bahari, wewe ndiye hujaiweka anwani mwisho wake.

Kumuuzia mteja wa mbali si jambo geni. Majirani zetu hapa Changamwe, wachongaji wa ushirika wa Akamba ulioanza 1963, watalii wa mabasi hawakuwa tegemeo lao pekee. Walipeleka vinyago nje kwa oda. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa, kampuni za utalii za Thomson na First Choice ziliwarudisha watalii wao makwao na ndege zao zikasimama kwa miezi. Mwenye duka aliyemtegemea mpita njia alikaa akitazama barabara. Huko kuuza kwa oda ndiko faida ya kujulikana na mteja asiyeweza kufika mlangoni.

Sikwambii uache Instagram. Video zako za ukoko wa wali mimi mwenyewe huzitazama, na tovuti haileti watu yenyewe. Ukiijenga ukanyamaza, utakuwa unaisoma wewe na mimi. Instagram na status za WhatsApp ziwaite watu, kisha ziwapeleke kwenye anwani yako. Chora anwani hiyo kwenye vifuniko vya sufuria na kwenye aproni za wasichana wako. Na iwe nyepesi: kurasa tatu, picha zilizopunguzwa uzito, kwa sababu mteja wako anaifungua kwa bando la shilingi ishirini akiwa kwenye matatu.

Jumamosi navuka kuja huko, inshallah. Niwekee cheti cha usajili tayari, na orodha ya bei kwa mkono wako, usimwachie mumeo aiandike, yeye hupunguza bei kwa kila anayemjua. Jina tutalinunua palepale kwa simu yako, shilingi za mwaka wa kwanza natoa mimi. Za mwaka wa pili usinitafute.

Msalimie dada yangu, na mwambie bado namdai mafuta ya nazi.

Mjombako