Ari na Motisha

Kila mwaka huwasomesha wanafunzi wangu jaribio moja lililochapishwa mwaka 1973. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachagua watoto wa chekechea, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao walipenda kuchora kwa kalamu za rangi pasipo kuhimizwa na mtu. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti hicho bila kutazamia, na kundi la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu zilirejeshwa darasani. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutazamia hawakupungukiwa na hamu.

Nimelifundisha jaribio hili miaka tisa hapa Uingereza. Halikunizuia.

Binti yangu ana umri wa miaka minane. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, ila Jumapili akizungumza kwa simu na bibi yake aliye Tanga, alikosea ngeli na kujicheka mwenyewe, na mazungumzo yakaendelea. Mimi nikataka zaidi. Nikamwahidi pauni moja kwa kila jioni atakayoimaliza bila neno la Kiingereza. Katika muda wa mwezi mmoja ngeli zilinyooka, nami nikajisifu. Kisha Jumapili moja mama akapiga simu. Binti yangu akaifunika kwa kiganja, akaniuliza:

“Baba, na hii inahesabiwa?”

Nikamwambia haihesabiwi. Akasema, “Shikamoo, bibi,” akaitikiwa, akanirudishia simu.

Katika lugha yetu, motisha ni msukumo wa moyoni, na motisha ni bahasha anayopewa mfanyakazi mwisho wa mwezi. Mzazi aliyesoma kama mimi alipaswa kuwa wa kwanza kutenganisha viwili hivyo. Tunalo neno ari, na sijapata kumsikia mwajiri akiahidi kulipa ari.

Pauni nimeziacha. Kwa wiki kadhaa nyumba ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na mama alikuwa akiniuliza kama mtoto anaumwa. Nilimdanganya. Sasa simu ikilia huiweka mezani jikoni, sauti ikisikika kwa wote, nami naendelea kupika. Juzi mama aliuliza chakula kimefikia wapi. Binti yangu akaniwahi:

“Bibi, chapati kimeungua!”

Mama alicheka mpaka akakohoa. Sikumsahihisha mtoto.