Cherehani Kati ya Kijani na Buluu

Nilizaliwa Butere mwaka 1966, mwaka ule ule Abaluhya United walipotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya. Baba alizoea kuyataja mambo hayo mawili pamoja, na mara nyingi ubingwa ndio uliotangulia. Klabu hiyo iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu za Waluhya zilizokuwa zikicheza kila moja kivyake, zikiwemo za Marama, Kisa, Bunyore na Samia. Sisi ni Wamarama, basi baba alijiona mmoja wa wenye mali. Hakuwahi kuketi katika uwanja wowote wa Nairobi. Alikuwa na redio, na Leonard Mambo Mbotela alipoanza kutangaza mpira, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita na ndoo karibu na mlango.

Ubingwa wa 1967 ulikuwa wetu pia. Kisha Februari 1968 Waluo nao wakaunganisha timu zao, wakaipa klabu jina la Gor Mahia, yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, na msimu huo huo wa kwanza wakabeba kombe. Baba hakuwapenda Gor, lakini aliniambia jambo ambalo nimelikumbuka maisha yangu yote: kabla ya 1968 Abaluhya walikuwa wakicheza mpira, baada ya 1968 walikuwa na mwenzao wa kushindana naye.

Nilipomaliza darasa la saba karo ya sekondari haikupatikana. Nikaingia polytekniki ya kijiji kusomea ushonaji. Mwalimu wetu alianza na karatasi: kupima kifua, bega na urefu, kuchora kwa chaki, kukata, ndipo uguse kitambaa. Jezi nilizijua mapema, kwa sababu timu za vijana wa kanisa hazikuwa na uwezo wa kununua za dukani. Walileta fulana nyeupe, nasi tukazipiga rangi kwenye sufuria, tukakata nambari na kuzizungushia mshono. Nikajifunza kuwa nambari tisa humtesa fundi kuliko nambari zote, na kwamba kila kijana huitaka hiyo hiyo.

Miaka hiyo ya themanini ndiyo iliyokuwa kilele cha upinzani wa Abaluhya na Gor. Serikali ilipoamuru klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards mwaka 1980, nasi tukawaita Ingwe, yaani chui kwa lugha yetu. Tangu 1979 hadi 1993 ubingwa wa ligi haukutoka mikononi mwa Gor na Leopards. Ingwe walichukua mara tatu mfululizo, 1980 hadi 1982. Gor wakajibu kwa mara tatu mfululizo, 1983 hadi 1985. Hata ugomvi wao ulivuka mpaka. Katika fainali ya kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1984 Leopards waliwafunga Gor. Mwaka uliofuata wakakutana tena fainali, na Gor wakalipiza. Sisi wa Ingwe tulikuwa na Mahmoud Abbas golini, J. J. Masiga, yule daktari wa meno, na Wilberforce Mulamba. Wao walikuwa na Bobby Ogolla nyuma, Abbas Magongo waliyemwita Zamalek, na Peter Dawo mbele.

Desemba 1987 Gor walicheza fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na Esperance ya Tunisia. Walikuwa wametoka sare ya mabao mawili kwa mawili kule Tunis. Katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, wakatoka sare ya bao moja kwa moja, na kombe likaja Kenya kwa sababu ya yale mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la Afrika nyumbani. Siku hiyo baba aliisikiliza mechi mpaka mwisho, akaizima redio, akasema Gor wametuheshimisha. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia matusi ya utani kuhusu timu hiyo, na hapo ndipo nilipofahamu kuwa utani wetu ulikuwa na mpaka.

Mwaka 1989 niliolewa na kijana wa Gem, ng'ambo kidogo tu ya kwetu. Tulijuana kwenye soko la Yala, ambako Waluhya na Waluo wameuziana samaki, mahindi na mitumba tangu zamani. Yeye ni Gor damu. Siku wazee wake walipokuja kujitambulisha, mazungumzo ya mahari yalikwama kwanza kwenye ubingwa wa msimu ule, ambao ulikuwa wa Ingwe. Ndugu zangu walidai mgeni asiyekubali matokeo hawezi kupewa binti. Wazee wa Gem wakakubali matokeo, wakanichukua. Mechi ya timu hizi leo huitwa Debi ya Mashemeji, na nyumba nyingi zimejengwa kama yangu.

Mume wangu alikuwa tayari amepata kazi ya kuvuna maua kusini mwa Ziwa Naivasha, nikamfuata Kamere mwaka 1990. Asiyepajua Kamere avute picha hii: ziwa upande mmoja, lango la Hell's Gate na mvuke wa Olkaria upande mwingine, katikati barabara ya Moi South Lake, na pembeni mwake mashamba ya waridi yenye nyumba za plastiki zisizokwisha. Hapa karibu kila mtu ni mgeni. Wavuvi wengi wa ufukwe wetu wametoka Nyanza. Wavunaji, wapiga dawa na wanawake wanaopanga maua kwa urefu wa shina wametoka Busia, Vihiga, Siaya, Kisii, Nyandarua. Mgeni anapotua, swali la kwanza ni ametoka wapi, na la pili, ikiwa ametoka magharibi, ni Gor au Ingwe.

Niliweka cherehani yangu ya Singer kwenye baraza ya duka. Mwanzoni nilishona viraka tu, kwa kuwa miiba ya waridi haina huruma na aproni. Jezi zilifuata. Mashati ya kijani na meupe kwa Gor, milia ya buluu na nyeupe kwa Ingwe. Kitambaa cha milia kilipokosekana, nilikata vipande vyembamba na kuviunga kimoja kimoja, kazi ya kuumiza macho ambayo nisingeifanya kwa bei ile isipokuwa kwa timu ya baba. Wateja walilipa mwisho wa mwezi. Kuelekea Februari, mashamba yanapopeleka waridi Ulaya kwa ajili ya siku ya wapendanao, hakuna aliyekuja kupimwa, maana wote walikuwa kazini mpaka usiku. Mechi ya mashemeji ilipokaribia, baraza ilijaa.

"Shemeji, hiyo ya kijani umeishona kwa moyo kweli?" mvuvi mmoja alizoea kuniuliza.

"Vaa kwanza, shemeji. Ikichanika, urudi tuzungumze."

Haikuchanika hata moja. Hilo ndilo lililonipa jina Kamere. Mtu wa Gor alijua kuwa fundi ni Ingwe, akajua pia kuwa mshono wake ni ule ule pande zote mbili. Naiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko zote nilizopata katika kazi yangu.

Halafu Naivasha yenyewe ikapata zamu yake. Watu wa Nakuru hupenda kukumbusha kwamba mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1963, walikuwa Nakuru All-Stars. Karibu miaka arobaini baadaye ubingwa ulishuka kwenye barabara yetu ya vumbi. Oserian, timu ya shamba la maua, iliyojulikana wakati huo kama Oserian Fastac, ilitwaa ligi mwaka 2001, ikaitetea mwaka 2002. Fastac ni dawa ya wadudu; wapiga dawa walilijua jina hilo kwenye kopo kabla ya kulisoma kwenye magazeti. Hebu fikiria kijana wa Kamere aliyezoea kusikia kuwa mambo makubwa hutokea Nairobi, sasa anaona Gor na Leopards wakiwa chini ya timu ya watu anaopanda nao basi moja alfajiri. Mwaka ule nilishona bendera za rangi ambazo sikuwahi kushona kabla.

Baadaye shamba la Sher, ambalo kampuni ya Karuturi ya India ililinunua mwaka 2007, nalo lilikuwa na timu katika ligi kuu. Kwa hiyo ufuo mmoja wa ziwa ukawa na klabu mbili za ligi kuu, zote za mashamba ya maua. Oserian na Sher Karuturi zilipokutana, Kamere iligawanyika kwa namna mpya kabisa. Hapakuwa na Mluo wala Mluhya. Ulikuwa upande wa shamba linalokulipa. Niliona mtu wa Ingwe na mtu wa Gor wakivaa jezi moja na kuwazomea ndugu zao wa kijijini walioajiriwa shamba la pili. Niliamini kuwa tumepata upinzani wetu wenyewe, wa kuwaachia watoto wetu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepita mahali pabaya. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zilifika Naivasha. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya wenye asili ya magharibi walikimbilia kituo cha polisi na gereza mjini. Sisi tulilala ndani ya shamba na watoto, cherehani nikaiacha kwa jirani Mkikuyu, mama aliyekuwa akiuza sukuma wiki kando yangu. Aliificha chini ya magunia, akanirudishia nzima. Tuliporudi, kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa jezi za timu ya vijana wa mtaa, na mama yule ndiye aliyelipia kitambaa, kwa sababu mwanawe alikuwa golikipa. Tangu siku hiyo sijamruhusu mtu yeyote kwenye baraza yangu aniambie kuwa ushabiki na chuki ni kitu kimoja. Wenye chuki hawakuwahi kuuliza tunashangilia timu gani. Na ndiyo maana iliniuma Machi 2012, mashabiki waliporusha mawe katika uwanja wa Nyayo katikati ya mechi ya Gor na Leopards. Anayemrushia mpinzani jiwe anauchoma urithi wake mwenyewe.

Mwisho wa msimu wa 2012 Oserian walishuka daraja. Mwaka 2014 kampuni ya Karuturi iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na timu ikaenda na kampuni. Mishahara ilichelewa, wateja wangu wakaanza kuleta nguo za watoto zigeuzwe badala ya kuagiza mpya. Debi ya Naivasha ikatoweka, na hapakuwa na mahali pa kulalamika, kwa kuwa hapakuwa na mwanachama hata mmoja. Tulikuwa tumeshangilia mali ya mwajiri. Alipofunga mlango, aliufunga na uwanja.

Nikalinganisha na zile mbili za zamani. Gor walikaa tangu 1995 hadi 2013 bila ubingwa wa ligi. Leopards waliuchukua mwaka 1998, kisha robo karne ikapita bila kuushika tena. Mdhamini mkubwa wa klabu zote mbili, kampuni ya kamari, aliondoka mwaka 2019, na wachezaji wa pande zote mbili wakapata taabu ya mishahara. Kampuni ingekuwa imefunga vitabu zamani. Lakini Gor walirudi, wakafikisha ubingwa wa 21 mwaka 2024, na Ingwe hata bila ubingwa wa ligi hawajapungukiwa na watu wa kununua kitambaa cha milia hapa kwangu. Klabu ya wanachama inaweza kulala njaa ikaamka. Na kinachoiamsha, mara nyingi, ni yule wa upande wa pili anayekukumbusha kila siku kuwa umelala. Shabiki wa Gor ndiye aliyeniwekea hesabu ya miaka ya Ingwe bila ubingwa. Mimi ndiye niliyemwekea yake. Tumetunziana historia.

Sasa mume wangu amestaafu kazi ya waridi, nami nafundisha wasichana kukata na kushona kwenye baraza ile ile. Vijana wa mitaa ya Kamere bado huunda timu, na huja kwangu wakiwa na shauku ya rangi na jina la mgongoni. Kabla sijafungua kanda ya kupimia huwauliza daftari la wanachama liko wapi, nani mweka hazina, na kila mtu hutoa shilingi ngapi kwa mwezi. Wasipokuwa nalo huwapa karatasi, nikawakalisha benchini waandike majina. Nataka timu zao ziwe zao, zichangiwe na mvuvi na mvunaji, ili shamba likiuzwa au mdhamini akiondoka, Jumamosi inayofuata mpira uchezwe. Kisha nawashauri watafute mtaa wa pili wenye daftari kama lao, wafungane nao kila mwaka, wasiache. Jezi nitawashonea wote, kwa bei moja na uzi mmoja.